Hereni ya Namba Saba

Mbuzi kumi na wawili walishushwa kwenye kigari cha kirikuu Jumanne moja ya mwezi wa tano, mbele ya banda la utafiti la chuo, kule Mbwawa, na siku hiyo Kibaha nzima hapakuwa na mtu mwenye furaha kumzidi Evance. Alikuwa amewanunua mwenyewe huko Msimbu, Kisarawe, kwa Mzee Mwinyimadi: majike matupu, wenye miili, hakuna anayekohoa wala anayechechemea. Aliwanunua mapema kwa makusudi. Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia, na Idi ikikaribia mbuzi wa Kisarawe hashikiki. Evance alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, anataka kujaribu dawa ya minyoo itokanayo na majani ya mlonge, na asubuhi ile alijiona mjanja kuliko kitabu kizima cha taratibu za chuo.

Ujanja huo ulidumu kama dakika nne. Dakika ya tano alitoka Dakta Stellamaris, daktari wa mifugo wa chuo, ambaye pia ndiye katibu wa kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye gambuti za kijani na sauti ya chini, na watu waliomzoea walijua kwamba sauti ile ikizidi kushuka, kuna mtu anaumia.

“Kibali kiko wapi?” aliuliza.

“Kinakuja, dokta. Kamati si inakaa wiki ijayo?”

“Kinachokuja hakijafika, Evance. Hawa hawalali hapa.”

Evance alicheka kidogo, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Mnyama wa utafiti asiye na kibali haruhusiwi kulala kwenye banda la utafiti hata usiku mmoja, awe mbuzi, awe panya. Iko njia moja tu, inaitwa hifadhi ya muda. Mnyama anapelekwa mahali palipokaguliwa, anakula, anakunywa, akiugua anatibiwa, na mambo yanaishia hapo. Hapimwi uzito, hatolewi damu, haonjeshwi dawa ya mtu. Chuo kilikuwa na kibanda kimoja cha hifadhi ya namna hiyo, lakini kilijaa sungura wa mwalimu mmoja ambaye kibali chake kilikwisha muda tangu mwaka jana, na sungura, kama tunavyowajua, hawakukaa wakisubiri wakiwa idadi ileile.

Ndipo Stellamaris akamtaja Mzee Mashauri wa Dutumi. Huyu alitoka Kwimba na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita akifuata malisho, akafika bonde la Ruvu, akapapenda, akajenga. Stellamaris alikuwa akimchanjia mifugo na zizi lake alilijua vizuri. Alipiga simu, mzee akakubali, na kabla ya saa nane mchana kirikuu kilikuwa kimeshaipita Mlandizi, mbuzi wamesimama nyuma na kila mmoja ana hereni ya plastiki ya njano sikioni, namba moja mpaka kumi na mbili.

Fomu ya hifadhi ya muda ina kurasa nne. Mzee Mashauri alivaa miwani, akaketi kwenye kigoda, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza polepole, kidole kikimtangulia. Mkewe, Mama Elina, alileta maji ya kunywa. Dereva wa kirikuu akapiga honi. Evance alitazama saa, kisha akanyoosha mkono na kufunua mpaka ukurasa wa mwisho.

“Hayo ya katikati ni maneno ya ofisini tu, mzee. Weka sahihi hapa.”

Mzee aliiweka kalamu juu ya karatasi, hakuandika. “Na akifa?”

Sasa hili swali lilikuwa limejibiwa ukurasa wa tatu, kwa herufi nzito: mnyama akifa asiguswe, daktari wa chuo apigiwe simu siku hiyohiyo. Evance hakuwa na habari, maana ukurasa wa tatu hata yeye hakuwa ameusoma. Honi ikalia tena.

“Hawa hawaruhusiwi kufa, mzee,” alisema akicheka, akaegemea bega la mzee kwa mazoea ambayo hawakuwa nayo. “Nitapita Jumamosi kuwaona.”

Mzee Mashauri hakucheka. Aliandika jina lake lote, herufi baada ya herufi, akamrudishia kalamu.

Jumamosi hiyo Evance hakupita, wala iliyofuata. Tusimwonee, alikuwa na shughuli. Kamati haikukaa wiki ile, kwa kuwa akidi haikutimia. Mwezi wa sita ikaitishwa tena, mjumbe mmoja akapata msiba Songea, akidi ikavunjika. Mwezi wa saba yalikuwa mahafali, na profesa gani utampata siku za mahafali. Evance alijifungia na kompyuta yake akipanga majedwali ya matokeo ya utafiti ambao haujaanza, na majedwali yalikuwa yanapendeza kweli.

Katika kipindi hicho Mzee Mashauri alimpigia simu mara tatu. Kila mara maneno yake yalikuwa yaleyale: “Mwanangu, njoo uone mbuzi wako.” Evance alimjibu kwamba yuko bize kidogo. Mara ya tatu hakupokea, alimwandikia ujumbe wa kumtakia siku njema.

Mwezi wa nane ulipoanza, Profesa Atupele, mwenyekiti wa kamati, aliapa kwamba safari hii kikao kitakaa hata kama wajumbe watabebwa. Tarehe ikapangwa, Alhamisi. Jumatatu yake Stellamaris alikwenda Dutumi kukagua, kama sheria inavyotaka, akarudi jioni na gambuti zimejaa tope. Alimkuta Evance kwenye baraza ya maabara.

“Namba saba,” alisema kwa sauti ya chini kabisa. “Ulimpeleka jike?”

“Wote majike, dokta. Utafiti wangu ni wa majike.”

“Basi ameota ndevu.”

Evance hakuelewa. Stellamaris akamwonyesha picha kwenye simu. Beberu mweusi, kifua kama mlango, ndevu zinagusa magoti, pembe zimepinda nyuma, anamtazama mpiga picha kwa dharau. Kwenye sikio la kushoto ilining'inia hereni ya njano, namba saba.

“Mzee mwenyewe alikuwa ameenda mnadani Mlandizi,” Stellamaris aliendelea. “Mama Elina kaniambia hayo ni mambo ya mumewe na mwenye mbuzi, yeye hasemi. Na hao kumi na mmoja wengine nimewapapasa. Wana mimba, Evance, sijaona hata mmoja aliyesalimika.”

Evance akakaa kwenye ngazi. Alijua kanuni hii, maana ni fupi na iko ukurasa wa kwanza wa kitabu cha taratibu. Mnyama aliye hifadhini akichezewa au akibadilishwa, ombi la kibali linafutwa, na mwombaji haruhusiwi kuomba tena mpaka ipite miaka miwili. Muda wake wa masomo ulikuwa umebaki mwaka mmoja na nusu. Hesabu hiyo haikuhitaji jedwali. Ombi likifutwa Alhamisi, Evance si mwanafunzi tena, anarudi Rombo kumweleza baba yake kwamba mbuzi aligeuka dume.

Alimpigia Mzee Mashauri hapohapo.

“Mzee, shikamoo. Namba saba yuko wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Njoo nyumbani tuongee. Haya si maneno ya kwenye simu.”

“Niambie tu, mzee, ni haraka.”

“Njoo,” alisema mzee, na kwa upole akaaga.

Mtu mwenye akili timamu angepanda pikipiki akaenda Dutumi. Evance alikaa chumbani akawaza, na kadiri alivyowaza ndivyo alivyojiaminisha kwamba mzee alimuuza jike lake siku za Idi, bei ilipokuwa juu, kisha akajaza pengo kwa beberu aliyekuwa anamsumbua zizini. Aliona hana haja ya kwenda kusikiliza hadithi. Alichohitaji ni njia ya kutokea, na usiku haujaisha njia ikapatikana. Kwenye orodha yake ya manunuzi kila mbuzi alikuwa na visanduku viwili, jike na dume, na alama ya vema kwenye kimojawapo. Angesema alikosea kisanduku. Namba saba alikuwa dume tangu Msimbu. Hata lile la “wote majike” alilomwambia Stellamaris, angesema aliiamini orodha yake. Hakuna aliyechezewa, hakuna aliyebadilishwa, hata zile mimba zina maelezo. Ni kosa la kalamu tu, na kosa la kalamu adhabu yake ni barua ya onyo.

Uzuri wa njia hiyo haukumfanya asione ubaya wake. Ilimpasa mwanafunzi wa uzamivu wa mifugo asimame mbele ya madaktari watano aseme kwamba aliwahi kumtazama yule beberu akaona jike. Evance alipima, akaona heri aitwe mjinga kuliko afukuzwe.

Jumanne akaenda Msimbu kwa pikipiki, kupitia Kiluvya, kumtafuta shahidi. Mzee Mwinyimadi alikuwa anasuka makuti nyuma ya nyumba. Alimpokea vizuri, akamkalisha, akamuulizia afya, kazi na mbuzi, na Evance akajibu vyote salama. Kisha akaeleza ombi lake. Anataka mzee akubali tu, endapo watampigia kutoka chuoni, kwamba katika wale kumi na wawili mmoja alikuwa beberu.

Mzee Mwinyimadi aliacha kusuka.

“Beberu yupi?”

Evance alimwonyesha picha. Mzee aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza, akaitenga, akaisogeza tena.

“Huyu nikuuzie mimi?” aliuliza. “Kwa bei ile?”

“Ni kusema tu, babu.”

“Kusema tu. Mjukuu wangu, kesho wakisikia hapa Msimbu kwamba Mwinyimadi alikuwa na dume la namna hii akaliuza kwa bei ya mwanambuzi, na hata hakujua kama ni dume, nitakaa baraza gani mimi? Watakuwa wananiachia wake zao bila wasiwasi, wakiamini nimepofuka.” Akamrudishia simu. “Mwenye beberu huyu mtafute umsikilize. Mtu haachii mnyama kama huyu bila neno kubwa.”

Evance aliondoka bila shahidi, na lile neno la mwisho lilimkera njia nzima mpaka Kibaha. Alisafiri kwenda Kisarawe kutafuta uongo, na Dutumi alikoambiwa aje hakwenda. Hilo alilijua, na ndiyo maana lilimkera.

Alhamisi saa tatu akidi ilitimia. Profesa Atupele alikusanya simu za wajumbe wote kwenye kikapu cha ukindu, kama desturi yake, akakiweka chini ya kiti chake asitoroke mtu. Madaktari walikuwa watano. Wa sita alikuwa Mzee Didas, fundi seremala mstaafu, ambaye hakusomea wanyama wala dawa. Kanuni inataka kila kamati iwe na mtu mmoja asiye mtaalamu, na Mzee Didas alikuwa akiifanya kazi hiyo ya kutokuwa mtaalamu kwa bidii sana.

Nje, kwenye benchi, Evance alimkuta Mzee Mashauri ameshafika, naye ameitwa na kamati. Alivaa koti la suti la kahawia, kofia ameishika magotini, na miguuni aliegemeza mfuko wa salfeti uliofungwa kwa kamba ya katani. Kulikuwa na harufu. Evance hakuuliza harufu ya nini, alimwamkia haraka, akainama.

“Mzee, wakikuuliza habari ya beberu, sema alikuwepo tangu mwanzo. Tangu siku ile nawaleta.”

Mzee alimtazama. “Alikuwepo wapi?”

“Kwenye wale kumi na wawili. Sema hivyo tu, mzee, nakuomba.”

Mlango ukafunguliwa, Stellamaris akaita jina la Evance kwanza. Mzee alibaki na mdomo wazi, kuna kitu alitaka kusema.

Ndani, Evance alieleza kisanduku chake. Alieleza vizuri, kwa unyenyekevu, akaomba radhi kwa kosa la uandishi. Wajumbe walikuwa wanaangalia picha ya beberu, ambayo Stellamaris alikuwa ameichapisha kwa rangi, ukurasa mzima. Kisha Mzee Didas akanyoosha kidole.

“Mimi si mtaalamu, mwenyekiti, nataka tu kueleweshwa. Huyu mnyama wakati unamkagua, ulikuwa umesimama upande gani?”

Daktari mmoja alijifanya anakohoa.

“Mbele, mzee,” alisema Evance.

“Mbele kuna ndevu.”

“Kulikuwa na vumbi, mzee. Na nilikuwa na haraka.”

“Na huko nyuma hukupita kabisa?”

Kikao kizima kikaangalia mezani. Profesa Atupele alivua miwani akaifuta kwa kanga, na alipoivaa tena uso wake ulikuwa umetulia. Evance alisimama pale akiwa mjinga rasmi, jasho likimteremka mgongoni, na pamoja na aibu yote alianza kuona matumaini. Walikuwa wanamcheka, na anayechekwa hafukuzwi. Daktari mmoja alikuwa ameshaanza kusema kwamba kwa kweli makosa ya kujaza fomu yapo, hata yeye mwaka fulani. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Akasema, tumsikie mtunzaji kwa ajili ya kumbukumbu, tumalize.

Mzee Mashauri aliingia na mfuko wake. Profesa alimwamkia, mzee akaitikia, akawaamkia wengine kila mmoja kwa zamu, akakataa kiti. Alifungua kamba taratibu, akatoa kitu kilichokunjwa, akakikunjua juu ya meza, juu ya karatasi zao. Ilikuwa ngozi ya mbuzi, kavu, iliyotiwa chumvi, ya kahawia na baka jeupe ubavuni. Sikio la kushoto liliachwa likiwa zima, na katikati yake palikuwa na tundu la hereni.

“Huyu ndiye namba saba,” alisema mzee. “Nimemleta kwa mwenyewe.”

Hakuna aliyekohoa safari hii.

Mzee akaeleza. Wiki ya tatu tangu waletwe, namba saba alipenya uzio akaingia kwa jirani, mahali walipokuwa wamemenya mihogo michungu, akala maganda, na jua kabla halijatua akafa. Uzio ulikuwa umelegea na yeye aliujua, alikuwa amesema ataufunga kesho. Kwa hiyo kosa lilikuwa lake. Nyama waliizika.

“Kwetu mtu akikuachia mnyama akafia mikononi mwako, kuna mambo mawili. Unamwonyesha ngozi ajue hukumuuza. Halafu unamlipa mnyama, na humlipi aliye pungufu. Haya hayasemwi kwenye simu, kwenye simu huoni uso wangu. Nilimpigia huyu kijana mara tatu aje. Nikasema basi, atakuja akipata nafasi.”

“Ndiyo ukaweka beberu?” aliuliza Profesa Atupele.

“Nilimuuliza siku ya kwanza, na akifa? Akaniambia hawa hawaruhusiwi kufa. Nikaona hawa si mbuzi wa kawaida, ni mbuzi wa masharti. Sasa mimi nimevunja sharti, nitalipaje kajike tu? Nilichukua mnyama mkubwa kuliko wote nilionao. Watu wa Magindu wanaleta majike yao kwake. Mama Elina alilia siku namwingiza kwenye zizi la wageni.” Akaligusa lile sikio la ngozi. “Nikamvisha hereni ya marehemu, ili mwenye mali akija kuhesabu asipate shida.”

Stellamaris alikuwa ameacha kuandika. Mzee Didas alikuwa anaipapasa ngozi kwa ncha za vidole, kama fundi anavyopapasa mbao iliyorandwa vizuri. Evance alitazama tundu la sikio. Aliwaza juu ya beberu yule, na juu ya mwizi wa Idi aliyekuwa amemtunga chumbani kwake usiku wa Jumatatu, akaona aibu ya kweli, siyo ile ya kuchekwa.

Mzee Mashauri akamgeukia. Sauti yake ilikuwa ya upole kama ilivyokuwa siku zote.

“Pale nje uliniambia niseme beberu alikuwepo tangu mwanzo, sikukuelewa. Nimekaa pale nikafikiri. Ulikuwa unataka kunisitiri mimi, mwanangu? Wasijue kwamba nimeua mnyama wako?”

Chumba kililegea. Evance alikisikia kikilegea. Profesa Atupele aliinua nyusi, na yule daktari wa makosa ya fomu akatabasamu kabisa. Kumbe kijana hakuwa mjinga, alikubali kuitwa mjinga ili mzee wa watu asipate matatizo. Nani angemfutia ombi kijana wa namna hiyo? Hakutakiwa kusema neno. Alitakiwa ainamishe kichwa tu, na kichwa chenyewe kilikuwa kimeinama tayari. Shahada yake ilikuwa pale mezani, juu ya ngozi, na aliyemwekea ni mzee mwenyewe, kwa mikono safi.

Evance aliuinua uso.

“Hapana, mzee,” alisema. “Nilikuwa najisitiri mimi. Nilidhani umemuuza.”

Mzee Mashauri aliangalia chini kwenye ngozi yake, akalainisha ukingo uliokuwa umejikunja. Lile neno lilimwingia, kila mtu aliona lilipomwingia, na Evance akatamani kurudi kwenye vumbi lake na kisanduku chake ambako alikuwa anachekwa. Lakini alikwisha kuanza, akamalizia. Alieleza kwamba fomu hakuisoma, kwamba kurasa za katikati aliziruka kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi, kwamba Dutumi hakwenda hata siku moja, na kwamba alikwenda Msimbu kutafuta mtu wa kumsaidia kudanganya akamkosa. Alipofika mwisho alisimama tu, mikono hana pa kuiweka.

Walitolewa nje wote wawili. Walikaa benchi moja, pamebaki nafasi ya mtu mmoja katikati. Ndani sauti zilipanda na kushuka, na ya Stellamaris haikusikika kabisa, jambo lililomtia Evance hofu kuliko yote.

Walipoitwa tena, Profesa Atupele hakuzunguka. Mtunzaji hana kosa, alisema, aliambiwa neno la kipuuzi akalichukua kwa uzito. Kosa ni la mwombaji, na kanuni inawaruhusu kulifuta ombi. Inawaruhusu pia kuliahirisha, mpaka mbuzi wazae na watoto waache ziwa, miezi sita, kwa sharti moja: mtunzaji akubali mwenyewe kuendelea kukaa na wanyama wa mtu huyu. Asipokubali, kamati haina mahali pa kuwapeleka, na ombi limekufa.

Kwa hiyo wote wakamgeukia Mzee Mashauri, na Evance naye akamgeukia, ingawa haki ya kumtazama hakuwa nayo.

Mzee aliichukua ngozi, akaikunja mara moja, akaikunja mara ya pili, akairudisha kwenye mfuko wa salfeti. Alifunga kamba. Ilichukua muda mrefu kuifunga ile kamba.

“Mbuzi nitakaa nao,” alisema hatimaye. “Mbuzi nimeshawajua tabia. Huyu ndiye simjui bado. Awe anakuja Jumamosi, alale, asubuhi achunge, nimwangalie.”

“Kila Jumamosi?” aliuliza Mzee Didas.

“Mpaka nimzoee.”

Profesa Atupele aliwatazama wajumbe, hakuna aliyepinga. Akamwambia Stellamaris aandike, na kwamba taarifa ya kila wiki italetwa na mtunzaji kwa mdomo: afya, chakula, mwenendo. Stellamaris akavuta fomu mpya ya hifadhi ya muda, akajaza tarehe, akajaza Dutumi, akajaza jina la mzee. Kwenye mstari wa idadi kalamu ilisimama.

“Kumi na wawili, mwenyekiti?”

Profesa alimtazama Evance juu ya miwani, kuanzia nywele mpaka viatu, pande zote.

“Kumi na watatu,” alisema.

Stellamaris aliandika kumi na watatu, kwa tarakimu na kwa maneno, na Evance akaweka sahihi.